Jibu kwa veterani mwenye asilimia 60 ya ulemavu: fidia, kazi na fedha za familia

Swali: "Nina umri wa miaka 38. Nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa miaka tisa, na nikiwa Afghanistan gari letu lilikanyaga bomu la kutegwa barabarani. Tangu siku ile mgongo haujapona, masikio yananivuma usiku na mchana, na nina PTSD, yaani msongo wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha. Mkataba wangu wa jeshi uliisha miaka mitatu iliyopita. Miezi saba iliyopita VA (Idara ya Maveterani ya Marekani) ilinipa asilimia 50 ya ulemavu kwa PTSD, 20 kwa mgongo na 10 kwa masikio, lakini barua inasema jumla ni 60 badala ya 80. Malimbikizo waliyonilipa bado yako benki. Nafanya kazi ghalani kwa saa chache tu kwa wiki, kwa sababu siwezi kubeba mizigo na siku nyingine siwezi hata kukaa na watu. Msimamizi ananivumilia, lakini sijui hadi lini. Kuna kampuni iliyonipigia simu ikisema itanifikisha 100, na malipo yake ni mara sita ya nyongeza ya mwezi. Rafiki yangu anasema nikiendelea kufanya kazi VA itanikata, na nikiomba malipo ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii nitapoteza fidia ya VA. Nina mke na watoto wawili. Nifanye nini na fedha hizi, na je, fidia hii inaweza kuwa msingi wa maisha yetu?"

Ndugu yangu, swali lako limebeba mambo mengi yaliyofungamana, na ninaelewa kwa nini linakuelemea. Fedha zilizopo leo zinaonekana kutosha, kazi inazidi kukushinda, na kila aliye karibu nawe ana ushauri unaopingana na wa mwenzake. Nitaanza na mawili ambayo rafiki yako ameyakosea, kwa kuwa hofu za namna hiyo huwafanya watu wengi waache haki zao. Kisha nitakuja kwenye sentensi moja ya barua yako ambayo wewe umeitaja kwa kupita tu, lakini mimi naiona kuwa na uzito kuliko nyingine zote, nayo ni ile inayotaja bomu.

Kuhusu kazi, fidia ya ulemavu kwa asilimia uliyonayo haiangalii mshahara wako hata kidogo. Inalipwa kwa sababu ya madhara uliyoyapata ukiwa kazini jeshini, na mtu mwenye asilimia 60 anaweza kulipwa mshahara wa kiwango chochote bila kupunguziwa hata senti. Mkanganyiko unatokana na malipo mengine mawili ya VA ambayo kweli yanaangalia kazi au kipato. La kwanza ni TDIU, yaani fidia ya asilimia 100 anayolipwa mtu ambaye asilimia zake ziko chini ya hapo lakini ulemavu wake unamzuia kufanya kazi ya kumtosheleza kimaisha. Hilo nitalieleza kwa kirefu. La pili ni pensheni ya VA, ambayo ni msaada kwa maveterani wa vipindi vya vita wenye kipato kidogo. Pensheni hiyo haichanganywi na fidia: anayestahili zote mbili hulipwa ile iliyo kubwa.

Kuhusu Hifadhi ya Jamii, rafiki yako amechanganya mipango miwili yenye majina yanayofanana. SSDI ni bima ambayo umeichangia kupitia makato ya mshahara wako, ukiwemo mshahara wa jeshi, na hupewa mtu asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu. SSDI na fidia ya VA hulipwa pamoja, na hakuna inayopunguza nyingine. SSI ndiyo msaada wa watu wenye kipato na mali kidogo sana, na huko fedha za VA huhesabiwa kama kipato, hivyo kwa mtu aliye katika hali yako karibu hakuna kitakachobaki. Ukisikia mtu akisema kwamba "Hifadhi ya Jamii inakatwa na VA", muulize kwanza anazungumzia upi kati ya hiyo miwili.

Sasa tuje kwenye hesabu ya 50, 20 na 10. VA haijumlishi asilimia. Kila ulemavu hukatwa kutoka katika uwezo uliobaki baada ya ulemavu uliotangulia. Unaanza na uwezo wa 100. PTSD inachukua 50, inabaki 50. Mgongo unachukua asilimia 20 ya hiyo 50 iliyobaki, yaani 10, na sasa umefika 60 huku uwezo uliobaki ukiwa 40. Masikio yanachukua asilimia 10 ya hiyo 40, yaani 4, na jumla inakuwa 64. Mwisho wa hesabu, namba husogezwa hadi kumi iliyo karibu, na 64 inashuka kuwa 60. Kwa hiyo barua ya VA haina kosa la hesabu.

Nimeieleza hesabu hii kwa undani kwa sababu inafichua udhaifu wa ahadi uliyopewa kwa simu. Tuseme kampuni ile imefanikiwa kukuongezea ulemavu mwingine mkubwa wa asilimia 50. Ungechukua nusu ya 36 iliyobaki, yaani 18, na jumla ingekuwa 82, ambayo VA huiandika kama 80. Ili hesabu isogezwe hadi 100 ni lazima kwanza ifike 95, na kadiri unavyopanda ndivyo kila ulemavu mpya unavyoongeza kidogo zaidi. Watu hutumia miaka wakirundika madai madogo madogo bila kuifikia namba hiyo. Kwa mtu ambaye kazi yenyewe inamshinda, njia iliyo wazi zaidi ya kufikia malipo ya asilimia 100 ni TDIU.

Kanuni ya TDIU inataka mojawapo ya mambo mawili: uwe na ulemavu mmoja wa asilimia 60 au zaidi, au uwe na ulemavu kadhaa wenye jumla ya 70 au zaidi, na angalau mmoja kati yake ufike 40. Ukiisoma kanuni hiyo kijuujuu utasema hustahili, kwa kuwa ulemavu wako mkubwa zaidi ni 50 na jumla yako ni 60. Lakini kanuni hiyohiyo inaendelea kusema kwamba, kwa ajili ya kipimo hiki peke yake, ulemavu kadhaa uliotokana na ajali moja au chanzo kimoja huhesabiwa kuwa ulemavu mmoja, na vivyo hivyo majeraha mengi yaliyopatikana katika mapambano. Ikiwa mgongo, masikio na PTSD vyote vimetokana na mlipuko ule, una hoja nzuri kwamba, kwa kipimo hiki, una ulemavu mmoja wa asilimia 60 na mlango wa kwanza umeshafunguka. Usitegemee kwamba afisa anayesoma faili lako ataiunganisha habari hiyo mwenyewe. Iandike waziwazi katika maombi, na uambatanishe kumbukumbu zozote za tukio lile: taarifa za matibabu za siku zile, tuzo au nishani uliyopewa kwa kujeruhiwa kama ipo, na maelezo ya maandishi ya askari wenzako waliokuwa ndani ya gari.

Kuvuka mlango huo hakutoshi. Unapaswa pia kuonyesha kwamba ulemavu huo unakuzuia kupata na kushikilia kazi ya maana, na hapa ajira yako ya ghalani inahitaji kuangaliwa kwa makini. VA inatambua kazi ya pembeni, yaani ile ambayo kipato chake cha mwaka hakizidi kiwango rasmi cha umaskini kwa mtu mmoja, na kazi ya namna hiyo haikuondolei haki ya TDIU. Hata kipato kikizidi hapo, inaweza kuhesabiwa kuwa ya pembeni iwapo mwajiri amekulinda kwa namna ambayo mwajiri wa kawaida asingefanya. Umesema msimamizi wako anakuvumilia. Mwombe aandike anavyokuvumilia: kwamba hakupangii kubeba mizigo, kwamba anakuruhusu kuondoka katikati ya zamu, kwamba amekusamehe siku ngapi za kutokuja. Barua yake yenye mambo mahususi inaweza kuwa na nguvu kuliko ushahidi wa jumla wa madaktari watatu. Kwa upande wa daktari anayekutibu, unachohitaji ni maelezo ya unachoweza na usichoweza kufanya: kukaa kwa muda gani, kusimama kwa muda gani, kuvumilia watu na kelele kwa kiasi gani. Jina la ugonjwa VA wanalo tayari.

Tofauti ya fedha ni kubwa. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 1, 2025, veterani asiye na wategemezi hulipwa takriban dola 1,435 kwa mwezi akiwa na asilimia 60, na takriban dola 3,938 akiwa na 100 au TDIU. Viwango hivi hurekebishwa kila mwaka kwa kufuata nyongeza ya Hifadhi ya Jamii. Mke na watoto huongeza malipo kwa kila mwenye asilimia 30 au zaidi, na hapa naomba uisome upya barua ya uamuzi: je, mke wako na watoto wote wawili wametajwa? Ikiwa hawajatajwa, peleka maombi ya kuwaongeza kabla ya mwaka mmoja kupita tangu ulipoandikiwa barua hiyo, ili nyongeza yao ihesabiwe kuanzia tarehe ambayo asilimia yako ilianza kuhesabiwa na wala si kuanzia siku uliyokumbuka. Kinyume chake pia ni wajibu wako. Ndoa ikivunjika au mtoto akivuka umri bila kuwa masomoni, waarifu mara moja, kwani VA huzidai fedha zilizolipwa kimakosa na huzikata katika malipo yanayofuata.

Mwaka huo mmoja ndio unaonishughulisha zaidi, kwa sababu miezi saba imekwisha. Ndani yake unaweza kuupinga uamuzi kwa njia tatu. Unaweza kuwasilisha dai la nyongeza lenye ushahidi mpya. Unaweza kuomba mapitio ya afisa wa ngazi ya juu bila kuongeza ushahidi wowote. Au unaweza kwenda Bodi ya Rufaa za Maveterani. Ukiifuata mojawapo kabla ya mwaka kwisha, unalinda tarehe ya awali ya kuanza kulipwa, na ushindi utakuja na malimbikizo ya kipindi chote ambacho ushahidi unakiunga mkono. Ukichelewa, bado unaweza kuomba, lakini kwa kawaida tarehe inaanza upya. Kwa kesi yako ningechagua dai la nyongeza pamoja na fomu ya TDIU, kwa kuwa ushahidi muhimu, yaani barua ya msimamizi na maelezo ya daktari, bado haumo katika faili. Mapitio ya ngazi ya juu yanafaa pale ambapo kila kitu kilikuwemo na afisa amekosea kukisoma.

Kuna hatari moja ambayo sitaificha. Ukiomba kuongezewa, VA inaweza kukuita tena kwa uchunguzi, na uchunguzi unaweza pia kuonyesha nafuu na kusababisha pendekezo la kupunguza. Asilimia iliyodumu miaka mitano au zaidi ina kinga ya kiasi, na iliyodumu miaka 20 haiwezi kushushwa isipokuwa kama ilipatikana kwa udanganyifu. Zako bado ni changa. Hata hivyo, VA haiwezi kukupunguzia malipo kimyakimya: hukutumia pendekezo kwanza na kukupa siku 60 za kupeleka ushahidi. Kwa mtu ambaye hali yake ni mbaya kuliko namba alizopewa, kama unavyojieleza, naona hatari hiyo inastahili kubebwa. Siku ya uchunguzi, usijikaze kiaskari. Wengi huingia wamenyooka, hujibu kwamba wanaendelea vizuri, na jibu hilo la adabu huandikwa kama ushahidi. Eleza siku zako mbaya zinavyokuwa na zinakuja mara ngapi, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza.

Kampuni ile sasa. Nyongeza kutoka 60 hadi 100 ni kama dola 2,500 kwa mwezi, na mara sita yake ni zaidi ya dola 15,000, tena kwa kazi ambayo wawakilishi walioidhinishwa na VA kutoka mashirika ya maveterani kama American Legion, DAV na VFW huifanya bila malipo. Kwa sheria, hakuna anayeruhusiwa kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza, na baada ya uamuzi kutolewa anayeweza kutoza ni wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA peke yake. Ada ya kawaida ya wakili wa namna hiyo ni asilimia 20, nayo hutoka kwenye malimbikizo pekee, kamwe si kwenye malipo yako ya miezi ijayo. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa VA ina orodha ya wazi ya walioidhinishwa, na kulitafuta jina huchukua dakika chache. Asiyekuwemo katika orodha hiyo, hata akizungumza vizuri namna gani na hata akiwa mwenyewe alikuwa askari, usimpe saini wala nywila ya akaunti yako ya VA. Kuna wengine watakaokuja wakitaka kununua fidia yako ya miaka ijayo kwa fedha taslimu za leo. Sheria inakataza kuikabidhi fidia ya VA kwa mtu mwingine, na mikataba hiyo humwachia veterani sehemu ndogo tu ya thamani ya kile anachokitoa.

Kama kazi itakushinda kabisa, omba pia SSDI, na usikawie. Bima hiyo ina tarehe ya mwisho: kwa kawaida unapaswa kuwa umechangia miaka mitano kati ya kumi iliyotangulia ulemavu, kwa hiyo mtu anayeacha kazi na kukaa muda mrefu bila kuomba anaweza kukuta kinga imekwisha. Hifadhi ya Jamii ina kipimo chake, kilicho kigumu kuliko cha VA, na uamuzi wa VA hauwafungi, ingawa kumbukumbu za matibabu zilizo nyuma ya uamuzi huo ni lazima wazizingatie. Kwa mwaka 2026, mwombaji anayepata zaidi ya dola 1,690 kwa mwezi kutokana na kazi kwa kawaida huhesabiwa kuwa anafanya kazi ya kutosha, na maombi hukataliwa. Waambie kwamba ulemavu wako ulitokea ukiwa katika utumishi hai tangu Oktoba 1, 2001, kwa kuwa maombi ya askari wa kundi hilo hushughulikiwa kwa haraka zaidi. Ukikubaliwa, kuna miezi mitano kamili ya kusubiri kabla ya malipo kuanza, na watoto wako nao wanaweza kulipwa kupitia rekodi yako.

Nimefika kwenye fedha zilizoko benki. Fidia ya VA haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, na malimbikizo nayo ni vivyo hivyo, ingawa riba yatakayozaa inatozwa. Fidia hiyo pia ina kinga dhidi ya wadai wengi wa kawaida: inapoingizwa moja kwa moja benki, benki inapaswa kulinda kiasi cha miezi miwili bila wewe kuomba, na kinachozidi hapo unaweza kukitetea mahakamani ukithibitisha kilikotoka. Kwa sababu hiyo, iweke fidia katika akaunti yake ya peke yake, usiichanganye na mshahara. Kinga hii haizuii madai ya serikali ya Marekani yenyewe, na mahakama huweza kuitazama fidia inapopanga matunzo ya watoto. Haihamii pia kwenye kitu ulichokinunua, kwa hiyo gari lililonunuliwa kwa fedha hizo linaweza kukamatwa kama gari jingine lolote.

Matumizi yake ningeyapanga hivi. Lipa kwanza deni lolote la kadi ya mkopo, kwa kuwa hakuna uwekezaji salama utakaokupa faida inayoifikia riba ya kadi. Kisha tenga gharama za familia za miezi sita katika akaunti ya akiba yenye bima ya FDIC, yaani bima ya serikali kuu kwa amana za benki. Kwa mwenye ajira imara miezi mitatu ingetosha, lakini wewe mshahara wako unategemea uvumilivu wa msimamizi mmoja na maamuzi ya TDIU na SSDI yanaweza kuchukua muda mrefu. Miezi hiyo sita ndiyo itakayokuwezesha kusubiri bila kukopa. Usinunue bidhaa yoyote ya bima au uwekezaji inayofunga fedha kwa miaka hadi maombi yako yatakapoamuliwa.

Umeuliza kama fidia hii inaweza kuwa msingi wa maisha. Msingi, ndiyo, nyumba nzima, hapana. Inakulipa leo na inapanda na gharama za maisha, lakini kuna mambo mawili isiyoyafanya, nayo ndiyo hasa yanayohitaji mpango.

La kwanza ni uzee. Fidia si kipato cha kazi, kwa hiyo haichangii Hifadhi ya Jamii, na huwezi kuitumia kama sifa ya kuweka fedha katika akaunti binafsi ya uzeeni ya IRA. Miaka utakayoishi kwa fidia peke yake itaacha mapengo katika pensheni yako ya uzeeni. Kwa hiyo, maadamu bado una mshahara wowote, unaweza kuweka katika IRA kiasi kisichozidi mshahara huo wa mwaka, na fedha zenyewe zinaweza kutoka kwenye malimbikizo. Ukiacha kazi, mshahara wa mke wako, kama anafanya kazi na mnawasilisha kodi kwa pamoja, unatosha kuwapa nyote wawili haki ya kuchangia. Fedha za TSP, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni wa askari na watumishi wa serikali kuu, ulizoziacha jeshini ziache hapohapo ikiwa huna sababu ya kuzihamisha; ada zake ni ndogo sana. Kuna pia akaunti za ABLE za watu wenye ulemavu, ambazo hazihitaji kipato cha kazi, na faida yake haitozwi kodi ikitumika kwa gharama zinazohusiana na ulemavu. Zamani zilikuwa za wale walioupata ulemavu kabla ya miaka 26, jambo lililowaacha nje askari wengi. Kuanzia Januari 1, 2026, umri huo umepandishwa hadi 46, na wewe uliumia kabla ya hapo. Utahitaji uwe unalipwa SSDI au uwe na cheti cha daktari kinachothibitisha uzito wa ulemavu wako.

La pili ni kifo. Fidia yako hukoma pamoja nawe. Mjane hulipwa na VA ikiwa kifo kimetokana na ulemavu wa jeshini, au ikiwa marehemu alikuwa amelipwa kwa asilimia 100 au TDIU kwa miaka kumi mfululizo kabla ya kufariki. Kuna masharti mengine, lakini hayo ndiyo makuu. Leo hii, ukifariki kwa ajali ya barabarani, mke wako hangepata malipo hayo. Muda wa kuibadili bima ya maisha ya jeshini kuwa VGLI, yaani bima ya kundi ya maveterani, ambao ni mwaka mmoja na siku 120, umekupita. Kilichopo ni VALife, bima ya maisha ya VA iliyoanza Januari 2023, inayotoa hadi dola 40,000 bila kuuliza afya kwa veterani mwenye ulemavu uliotambuliwa. Kiasi kamili huanza kulipwa baada ya miaka miwili, na ndiyo sababu ya kuanza mapema. Hazitoshi kulea watoto wawili, kwa hiyo tafuta pia bei ya bima ya maisha ya muda maalumu sokoni. PTSD inayotibiwa haimaanishi kila kampuni itakukataa. Na mwandike mke wako kama mnufaika kwenye kila akaunti.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Kwa asilimia 50 na zaidi uko katika kundi la kwanza la huduma za afya za VA na hulipii matibabu yako huko, hata ya maradhi yasiyohusiana na jeshi. Mke na watoto hawamo. Wakati ukifika wa kununua nyumba, mkopo unaodhaminiwa na VA hauhitaji malipo ya awali, na wewe unayelipwa fidia umesamehewa ada yake, ambayo kwa mnunuzi wa mara ya kwanza asiyetoa malipo ya awali ni asilimia 2.15, yaani dola 6,450 kwa mkopo wa dola 300,000. Majimbo mengi hupunguza pia kodi ya nyumba, kila moja kwa masharti yake.

Nimeuacha kwa makusudi hadi mwisho mpango wa VA wa kuwarudisha maveterani kazini, unaojulikana kama Sura ya 31, kwa sababu unahitaji ukweli wako mwenyewe. Kwa asilimia zako unaweza kugharamiwa masomo au mafunzo ya kazi isiyohitaji mgongo imara wala umati wa watu, pamoja na posho ya kujikimu. Una miaka 38, na ikiwa moyoni unaamini kuna kazi unayoiweza baada ya matibabu na mafunzo, njia hii inaweza kukupa zaidi ya TDIU, kwa fedha na kwa afya ya nafsi, kwani inajenga pia uzee wako. Lakini ni vigumu kuwaambia VA kwamba huwezi kazi yoyote huku unawaambia unajiandaa kwa kazi mpya. Jambo hili lizungumze na mke wako pamoja na daktari wako kabla ya kujaza fomu yoyote. Ikiwa mshauri wa Sura ya 31 atakutathmini na kusema mafunzo hayatakusaidia kwa sasa, omba tathmini hiyo kwa maandishi, kwa maana nayo ni ushahidi wa TDIU.

Maelezo yangu hayawezi kuchukua nafasi ya mtu aliyekaa na faili lako. Wiki hii panga miadi ya ana kwa ana na mwakilishi aliyeidhinishwa. Kaunti nyingi zina ofisi ya maveterani isiyotoza chochote. Nenda na barua ya uamuzi yenye kurasa zote, cheti cha kuachishwa jeshi cha DD 214, hati za malipo ya ghalani za miezi 12, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, na majina ya wenzako wa siku ya mlipuko. Mwulize moja kwa moja kuhusu ulemavu mmoja wa asilimia 60 kutokana na tukio moja. Dai likikataliwa tena, huo ndio wakati wa wakili aliyeidhinishwa. Kwa akaunti za uzeeni na bima, tafuta mshauri wa fedha anayelipwa kwa saa, asiyepata kamisheni kwa anachokuuzia.

Na siku ambazo huwezi hata kukaa na watu, ndugu yangu, usizisubiri zipite zenyewe. Mwambie daktari wako wa VA jinsi zilivyo, na usiku ukiwa mzito kiasi cha kufikiria kujidhuru, piga 988 kisha ubonyeze 1. Simu hiyo hupokelewa saa zote na watu waliofunzwa kuzungumza na askari, na kuipiga hakupunguzi asilimia zako.